Chonga, Ndezi na Mnazi wa Kitovu

Mwalimu wetu wa sayansi hakuitikia salamu kabla ya kutazama juu. Ungemwamkia shikamoo, naye angeinua kidevu, auangalie mnazi wowote uliokuwa karibu, kilele kwanza, kisha makuti, ndipo aseme "marahaba". Wageni walidhani ana maringo. Sisi wa Miritini tulisimama tukangoja, maana tulijua jibu linakuja, ila linapitia huko juu.

Alinifundisha nikiwa darasa la sita. Baadaye nikaolewa, mume wangu Kazungu akapata kiwanja, na kiwanja chenyewe kikawa ubavuni mwa boma la Mwalimu. Kwa hiyo nilimjua kwanza kama mtu wa kuogopwa mbele ya darasa, halafu kama jirani wa kuazimana chumvi. Siku hizi yuko Kaloleni kwa mpwa wake. Watu wakimtaja hapa hucheka, kwa sababu alikuwa na mengi ya kuchekesha. Mimi nikimkumbuka huanza kwa hofu. Sisemi nilimwogopa yeye. Nasema tulikaa jirani, kila mmoja na hofu yake, na hofu zote mbili zilikuwa juu ya mti mmoja.

Somo lake kubwa lilikuwa moja, na alilifundisha kila mwaka hata kama halikuwamo kwenye mtihani. Alipiga mstari wa chaki katikati ya ubao. Upande wa kushoto aliandika "Chonga". Upande wa kulia, "Ndezi". Chonga ni mbawakawa mweusi mwenye pembe puani, mnene kama kidole gumba cha mwanamume, mdudu anayetoboa minazi. Ndezi ni mnyama wa matete ya kinamasini. Ukimwona kwa mbali utasema ni panya aliyelishwa kupita kiasi: manyoya magumu, meno ya rangi ya chungwa, na akifukuzwa hujitosa majini akabakisha pua tu.

"Linganisheni," alituambia. "Wote wawili wala mnazi. Wote wawili hawapendi kuonekana mchana. Huyu mifupa yake kaivaa nje, yule kaificha ndani. Huyu huja kwa kuruka, yule huja kwa kuogelea. Haya, yupi wa kuogopwa?"

Darasa zima lilijibu ndezi, kwa ajili ya yale meno. Mwalimu alitabasamu kama mtu aliyetegea samaki na akapata.

"Ndezi akila mche wako, asubuhi waukuta umelala chini. Walia, wapanda mwingine, yamekwisha. Chonga huingia kwenye moyo wa mnazi, akala makuti yakiwa bado yamekunjwa. Kuti hilo lije lifunguke miezi baadaye ndipo uone limekatwa pembe pembe, kama karatasi iliyopitishwa mkasi. Unachokiona leo kililiwa zamani. Na wakati waona, yeye yuko ndani zaidi."

Wenzangu waliandika wakasahau. Mimi maneno yale yaliniingia vibaya. Mama yangu alikuwa na kikohozi wakati huo, cha kawaida tu, cha vumbi la barabara ya malori, lakini nilimkodolea macho kila akikohoa nikijiuliza ni nini ndani yake kililiwa zamani. Mama alipona. Ile tabia ya kukodoa macho haikuniacha mpaka leo.

Sasa huyu mtu aliyesema ndezi si wa kuogopwa, alimwogopa ndezi kuliko wanafunzi wake wote. Mwaka mmoja mvua ilinyesha mpaka maji ya kinamasi yakapanda yakaingia darasani, tukakaa miguu imening'inia. Katikati ya somo ndezi akaingia mlangoni akiogelea, taratibu, kama mzazi aliyekuja kuulizia mtoto wake. Tulipanda madawati tukipiga mayowe. Nilipogeuka kumtafuta Mwalimu, yeye alikuwa amekwisha kupanda meza, chaki mkononi, suruali ameishika magotini. Ndezi akazunguka meza ile mara moja, akatoka. Mwalimu alibaki juu akasafisha koo.

"Mmeona," akasema, "namna anavyobana masikio asiingize maji."

Nyumbani kwao, kama kwetu, ndezi ni kitoweo cha kugombewa. Yeye hakuwahi kumla. Akialikwa mahali akaona sufuria lina harufu asiyoijua, alisema amefunga, na kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa hakuna aliyembishia.

Kwenye mfuko wa shati, karibu na kalamu, aliweka spoki ya baiskeli aliyoinoa ncha na kuipinda kama ndoana. Hiyo ndiyo silaha yake ya chonga. Siku zile akiwa na nguvu alipanda minazi yake mwenyewe, akatafuta tundu penye machicha mabichi kama ya mtu aliyekuna nazi, akaingiza spoki, akazungusha, akamvuta mdudu, mdudu akilia kile kilio chake cha kukwaruza. Alishuka naye akatuonyesha. Hakumwua kwa hasira. Alimtumbukiza kwenye makaa kwa adabu, kama anayetimiza hukumu ya mtu mwingine. Kisha alitia mchanga na chumvi kwenye mashina ya makuti ili anayefuata akwaruzike.

Pamoja na ujuzi wote huo, kuna jambo lililoniduwaza nilipokuwa mtu mzima. Pale uani kwake palikuwa na magogo mawili ya mnazi, ndiyo mabenchi. Tulikalia magogo yale tukisoma masomo ya jioni, na kina mama wa kanisa waliyakalia wakati wa maombi. Yalikuwa yameoza upande wa chini, na kila mtu wa pwani ajua chonga hutaga kwenye mnazi uliooza. Nilimwuliza. Aliangalia juu, akaangalia gogo, akasema, "Haya ni mabenchi, Dama." Kwake kilichokuwa benchi hakikuwa mnazi tena. Watu wetu wote hufanya hivyo. Mnazi ukianguka hatuwezi kuuchoma, tunauona kama mzazi, tunautafutia kazi nyingine uendelee kukaa nyumbani.

Alipenda kugawa watu kwa mstari ule ule. Mimi aliniita ndezi. "Wewe ukiogopa, mtaa mzima wasikia maji yakiruka." Kazungu alimwita chonga, kwa vile ni mtu asiyesema. Mume wangu ni dereva wa trela, anapakia makontena hapa anapeleka Malaba, na akirudi unaweza kumaliza siku nzima usijue safari ilikuwaje. Nilicheka nikamwuliza Mwalimu, je, yeye ni yupi? Aliniuliza kama nyumbani kuna chumvi.

Nikija kwenye ule mnazi, mkono wangu wenyewe unakuwa mzito.

Ulikuwa mpakani, upande wake, karibu na ukuta wetu wa mabati. Ulikuwa mrefu kuliko mingine yote na ulikuwa umeinama. Uliinama kuelekea kwetu, na ukifuata mwinamo wake kwa kidole ulifika moja kwa moja juu ya chumba anacholala Pendo, mtoto wangu. Ndio mnazi wa kitovu. Mwalimu alipopata mtoto wake wa pekee, binti, walizika kitovu chake pale wakapanda mche juu yake, kama wafanyavyo watu wetu. Mama wa mtoto alifariki mapema. Binti akakulia chini ya mnazi ule, akawa mrefu kama wenyewe, na baada ya shule akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani.

Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Mwalimu aliweka sauti kubwa ili sote tusikie. Halafu zikawa fupi. Halafu akasema tajiri wake amebadilika. Halafu simu zikakoma. Mwalimu alikwenda kwa wakala aliyempeleka akakuta ofisi imekuwa duka la simiti. Kila jioni alisimama chini ya mnazi akampigia. Niliisikia ile sauti ya mwanamke wa mashine ikimwambia nambari haipatikani, naye akimwambia "ahsante".

Siku moja nilimwuliza, kwa kutania kidogo, kama kweli mwalimu wa sayansi aamini kwamba mti na mtu vyaenda pamoja.

"Siamini hata kidogo," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini siugusi."

Wakati wa upepo wa kusi ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Mnazi ulikuwa unalia. Minazi yote hulia ikipigwa na upepo, ila huu ulilia kwa chini, kama mlango wa mbao. Nilimhamishia Pendo kitandani kwangu, lakini paa ni lile lile na mnazi ni mrefu. Nikimpigia Kazungu yuko njiani, ataniambia, "Ongea na mzee." Hayo tu. Chonga kweli.

Kisha mgema, kijana aliyetugemea tembo mtaa mzima, aliacha kuupanda. Nilimwona akiupita na kibuyu chake.

"Mbona huu wauruka?" nikamwuliza.

"Mama Pendo, mnazi huo nikiukumbatia naona watetemeka kabla yangu. Siupandi."

"Umemwambia Mwalimu?"

"Mzee haambiwi juu ya mti huo. Mwambie wewe, wewe mwanafunzi wake."

Nikatazama juu. Niliyaona makuti mapya yamekatwa pembe pembe, yamepitishwa mkasi, vile vile alivyotuchorea ubaoni. Nikaenda kwa Mwalimu nikamwamkia. Akainua kidevu, akautazama mnazi muda mrefu.

"Marahaba. Makuti yake mazima, kijani kabisa."

"Mwalimu, yale ya katikati yamekatwa."

"Ule ni upepo."

Nilirudi nyumbani nikijidharau. Yeye ndiye aliyenifundisha kuyasoma makuti, mimi nani wa kumsahihisha? Hata hivyo hofu haikutaka kusikia hoja hiyo. Kila upepo ukivuma nilimshika Pendo mkono, mchana kweupe, naye akawa ananiuliza, "Mama, wasikia nini?"

Jambo jingine likaniudhi. Siku za upepo mkali Mwalimu alitoa kiti chake cha kamba akakiweka pale pale chini ya ule mwinamo, kati ya shina na ukuta wetu, akakaa. Anakaa saa nzima, mikono magotini. Nilidhani ananikejeli. Nilimwona kama anayesema: tazama, mimi siogopi. Nikamtolea maneno juu ya ukuta, maneno ambayo mwanafunzi hamwambii mwalimu wake.

"Ukianguka," akajibu bila kupandisha sauti, "utaanza na mimi."

"Na sisi utatumaliza pili. Yatufaa nini?"

Alikaa mpaka upepo ukatulia, ndipo akabeba kiti chake akaenda zake.

Ukweli niliujua kupitia kanga. Nilikuwa nimefua, nimeanika kanga kwenye kamba iliyopita juu kidogo ya ukuta, nami nimechuchumaa nyuma yake nikikosha sufuria. Kwenye mwanya wa mabati nikamwona Mwalimu akipita upande wake. Akasimama mbele ya ile kanga.

"Mama Pendo, hujambo? Mtoto ameamkaje?"

Kanga ikapeperuka kidogo.

"Bado umenikasirikia," akaiambia kanga. "Una haki." Akaondoka akipapasa ukuta kwa ncha za vidole.

Nilikaa pale na sufuria yangu, maji yakichuruzika miguuni. Mtu huyu hakuweza kutofautisha kanga na mwanamke, hatua chache mbele yake. Basi alikuwa anaona nini kule juu? Nikakumbuka kila "marahaba" ya mwaka mzima, kidevu kimeinuliwa, macho yameelekezwa kileleni, na hakuna kitu. Makuti mazima, kijani kabisa. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa asubuhi ile. Mpaka hapo nilikuwa nimejituliza kwa macho ya mtu asiyeona.

Sikumwendea siku ile. Sikujua mtu huanzaje maneno kama hayo kwa mwalimu wake. Ila usiku nilimlaza Pendo kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, nikasema nyumbani kuna kunguni.

Yeye ndiye aliyekuja. Ilikuwa jioni, upepo umelala kidogo, malori yanapiga honi kule barabarani. Alibisha hodi kwenye lango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa kawaida aliita tu juu ya ukuta. Nikamwamkia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutazama juu.

"Marahaba, mwanangu. Njoo unisomee makuti."

Nikamfuata. Tulisimama chini ya mnazi wa kitovu. Aliweka kiganja kwenye shina.

"Nimesikia mtoto halali tena nyumbani," akasema. "Nimesikia habari za kunguni. Nyumba yako haijapata kuwa na kunguni, Dama."

"Hapana, Mwalimu."

"Macho yangu yameingia ukungu mwaka wa pili huu. Naona mwanga, naona weusi. Makuti siyaoni. Nilisema mazima kwa kuwa niliogopa mtu asije akaniambia vingine." Akageuza uso kwangu. "Sasa niambie. Anza kileleni, kama nilivyowafunza."

Niliinua uso. Nilitaka kusema uongo. Nilijua akilini mwake kuti moja lililokatwa ni mkono wa binti yake, na nilijua pia kwamba nyuma yangu, hatua chache, kilikuwa kitanda cha mtoto wangu.

"Kilele kimelala upande, Mwalimu. Kimekauka. Makuti matatu ya juu yamekatwa pembe pembe. La nne limekatika nusu. Chini ya kilele naona matundu, mengi, na machicha yametoka yakakauka."

"Machicha ya rangi gani?"

"Kahawia."

"Ya zamani," akasema. "Na shina?"

Niligonga kwa ngumi. Lilitoa sauti ya debe tupu. Hakuwa na haja ya kuniuliza, alisikia mwenyewe, kiganja chake kilikuwa pale pale.

"Chonga au ndezi?" akauliza, kama darasani.

"Chonga, Mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa. Alisimama vile, na nikaona magoti yake yanatetemeka ndani ya suruali, yale magoti ya siku ile juu ya meza. Nikafahamu kwamba mtu huyu aliogopa vyote viwili, siku zote, anayekuja kwa maji na anayekuja kwa juu, na kwamba alitufundisha kuugawa ule woga kwa mstari wa chaki kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza.

"Mtoto asilale mle," akasema. "Kesho wataukata."

Wakaja watu wawili na msumeno wa injini na kamba ndefu. Mtaa wote ulitoka. Mama mmoja wa kanisa alianza kulia kwa sauti ya msibani, Mwalimu akamwomba anyamaze. Wakaufunga kamba, wakauvuta upande wa barabara, msumeno haukuchukua muda hata kidogo. Mnazi ulianguka ukapasuka katikati kama muwa uliooza. Ndani mlikuwa na unga mweusi na funza weupe, wanene, wamejikunja. Pendo akauliza kama ni wa kupika. Watu wakacheka, nami nikaketi chini. Ulikuwa umesimama kwa gamba tu. Miezi yote ile ulisimama kwa gamba juu ya kichwa cha mtoto wangu.

Mwalimu aliuliza, "Mtupu?"

"Mtupu," nikamwambia.

Akaamuru gogo lichomwe lote, na yale mabenchi mawili yachomwe nalo. Kina mama waliguna, yeye akaondoka wakiguna.

Jioni nilimpelekea chai. Alikuwa amesimama pale pale, karibu na kisiki, simu mkononi. Moshi ulikuwa bado unafuka. Alibonyeza, akaweka sauti kubwa kama zamani. Tukamsikiliza yule mwanamke wa mashine mpaka mwisho. Nambari haipatikani.

"Ahsante," akamwambia, akakata.

Aliniomba nisiondoke. Akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Jana mnazi ulikuwapo, hakupokea," akasema. "Leo mnazi haupo, hakupokea. Umeona, Dama? Hakuna kilichobadilika."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi haukuwa na uhusiano naye. Anaweza kuwa mzima."

Akainua kidevu, akatazama juu, mahali ambapo kilele kilikuwa, na macho yake hayo yasiyoona yalijaa machozi.

"Kesho nitapiga tena," akasema. "Mrudishe mtoto kitandani kwake."